Mistari Kumi na Mmoja

Mimi ni karani wa bodi mbili.
Jumanne ya kwanza naandikia Bodi ya Mipango,
Alhamisi ya pili, Kamati ya Ardhi Oevu:
meza ileile, birika lileile la kahawa iliyoungua,
bendera ileile pembeni, imeegemea kabati.
Kinachobadilika ni nyuso,
na nani anawaita kina nani "wale wenzetu".

Hapa Pennock, jimbo la Maine, theluji ya Machi
huingia ukumbini na viatu vya watu,
ikayeyuka chini ya viti. Hakuna anayeijadili.

Jambo lenyewe ni kiwanja cha kiwanda cha ngozi,
kilichofungwa kabla sijazaliwa:
nyumba themanini na nne, maegesho, duka la dawa,
na nyuma ya maegesho, mstari wa buluu
mwembamba kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo.
Hicho ni kijito cha Gaudreau.
Ramani ya Januari ilikionyesha karibu na ukuta.
Katika ramani ya Februari kilikuwa kimehama futi mia,
bila mvua, bila mafuriko,
bila mtu kushika sepetu.

Wendell Pomerleau, mwenyekiti wa Mipango,
ana mikono ya fundi paa na moyo usio mbaya.
Binti yake amepanga chumba juu ya gereji ya watu;
anataka nyumba zijengwe, na zijengwe upesi.
Usiku ule aliitazama ramani, akanitazama,
akasema, "Ardith, zima hicho kidogo."
Nikazima kinasa sauti.
Kalamu nayo ikajilaza yenyewe.

Dakika kumi na moja.
Nilisikia kila neno. Mwanasheria wa wajenzi:
"Wale wenzenu wakiiona mapema, msimu umekwenda."
Mtu akacheka. Mtu akauliza kama biskuti zimekwisha.
Kisha kidole kikanielekea: washa.
Nami, kwa mwandiko wangu wa shule, nikaandika:
*Wajumbe walijadiliana. Hoja ilipita, nne kwa moja.*

Ndiyo kazi ya muhtasari, kufupisha.
Nilifupisha hata kijito.

Alhamisi, Bi. Constance Levasseur alitaka jalada.
Barua ikajibu: milango i wazi, Jumatatu na Jumatano,
saa tatu hadi saa sita; kurasa kumi kwa kila mwombaji.
Mwezi ule neno *uwazi* lilipita mikononi
kama sahani ya sadaka: kila mtu aliligusa,
hakuna aliyetia kitu.
Mipango wakauliza: na nyinyi je,
mlipokagua gati la Ouellette siku ya Jumamosi,
watu wanne, bila tangazo?
Kamati ikanyamaza. Ni kweli.
Hilo pia niliwahi kulifupisha.

Bi. Levasseur alikwenda kijitoni na futi kamba,
magoti yake ya miaka sabini na tatu ndani ya barafu,
akarudi na namba nyuma ya bahasha.
Hakunigombeza. Aliuliza tu,
"Ulikuwepo, sivyo?"

Sikulala. Wakipigana mafahali, nyasi huumia, sawa,
lakini nyasi hizi ndizo zilizoshika kalamu.

Jumanne iliyofuata, muhtasari ukaletwa kuthibitishwa.
Ukurasa wa tatu niliandika:
*Kinasa sauti kilizimwa kwa agizo la mwenyekiti,
saa moja na dakika arobaini na mbili usiku.*
Chini yake, mistari kumi na mmoja mitupu,
mmoja kwa kila dakika.

"Hii nini?" akauliza Wendell.
"Mahali wazi," nikasema.

Gari la kusukuma theluji likapita, madirisha yakatetemeka.
Alikuwa ameinua kalamu; ya kutia saini
au ya kufuta, mpaka leo sijui,
maana mlango ulifunguliwa, mtu akawa anakung'uta viatu,
na sote tukageuka.

Chini ya viti, maji
yalishapata mteremko wake.